Kutoka Shamba la Kahawa hadi Mtaa wa Familia: Historia ya Makazi na Soko la Nyumba Meru na Embu

Mitaa ya makazi inayoizunguka miji ya Meru na Embu, kama vile Kaaga, Gitoro na Kinoru upande wa Meru, na Majimbo, Kangaru na Itabua upande wa Embu, inajulikana leo kuwa mahali ambapo mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti au mfanyabiashara wa kiasi hutafuta nyumba ya kulelea watoto, iwe ya kupanga au ya kujijengea, karibu na shule, hospitali na barabara ya lami. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya kahawa, migomba na mahindi katika siku ambazo wazee wa maeneo hayo wangali wanazikumbuka, na jambo linaloitofautisha na mitaa ya namna hiyo katika nchi nyingine nyingi ni kwamba haikubuniwa na idara ya mipango wala na kampuni ya ujenzi, bali ilitokana na familia zilizogawanya ardhi ya urithi kipande kwa kipande hadi shamba likageuka mtaa. Kwa sababu hiyo, historia ya soko la nyumba mashariki mwa Mlima Kenya haiwezi kuelezwa kwa bei na kodi peke yake. Ni lazima iende sambamba na historia ya ukoo, ya hatimiliki na ya idadi ya watoto.

Kabla ya utawala wa Waingereza, nyumba katika jamii za Waembu, Wambeere na Wameru haikuwa bidhaa. Kila mke alikuwa na nyumba yake ya fito, udongo na nyasi, ambamo alilala pamoja na watoto wake na kuweka chakula chake. Mume alikuwa na thingira, yaani nyumba ya mwanamume ya kulala na kupokea wageni. Na vijana waliotahiriwa waliishi pamoja katika gaaru, nyumba kubwa ya wapiganaji iliyojengwa kwa nguvu za rika zima. Nyumba za aina hii zilijengwa kwa siku chache kwa msaada wa majirani, zikachakaa baada ya miaka michache na kujengwa upya, hivyo hakuna aliyeona haja ya kuipa nyumba yenyewe thamani ya kudumu. Thamani ilikuwa katika ardhi, na ardhi ilitazamwa kuwa ya mwiriga, yaani ukoo, ijapokuwa kila familia ilijua mipaka ya mahali ilipolima. Kipande kiliweza kukabidhiwa mtu wa nje kwa mbuzi au ng'ombe, lakini mara nyingi kwa sharti kwamba wenyewe wangeweza kukikomboa siku za baadaye. Familia nyingi pia zilikuwa na vipande kadhaa vilivyotawanyika kutoka miinuko yenye baridi karibu na msitu hadi nyanda za joto zilizo chini, ili mazao ya sehemu moja yakiharibika, ya sehemu nyingine yaokoe nyumba. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyefanya kazi Meru katika miaka ya 1930 na kuchapisha uchunguzi wake kuhusu umiliki wa ardhi mwaka wa 1950, alieleza mifumo hii kwa urefu, na pia alilipa baraza la wazee wa Kimeru, Njuri Ncheke, nafasi rasmi katika utawala wa wilaya.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka wa 1906 na kuweka kituo huko, kisha mwaka wa 1908 Edward Horne akaanzisha kituo cha Meru pembeni mwa msitu wa Imenti. Jengo la mawe lililojengwa mwaka wa 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya lingali limesimama katikati ya mji wa Meru, na tangu mwaka wa 1974 limekuwa jumba la makumbusho. Ndilo jengo la mawe la zamani zaidi mjini humo, na kwa ukubwa wake mdogo linaonyesha jinsi mji wenyewe ulivyokuwa mdogo. Pamoja na vituo hivyo ilikuja kodi ya nyumba, ambayo serikali ilikuwa imeianzisha katika himaya yake mwaka wa 1901 na ambayo ilitozwa kwa kila kibanda badala ya kila mtu. Maofisa walihesabu vibanda ili kujua kiasi cha fedha cha kudai, kisha wakakisia idadi ya watu kutokana na hesabu hiyo, kiasi kwamba takwimu za kwanza za makazi katika wilaya hizi zilikuwa daftari za kodi. Sensa kamili ya Waafrika wa Kenya haikufanywa hadi mwaka wa 1948. Nyumba ambayo hapo awali haikuwa na bei ikawa sasa na gharama ya fedha taslimu kila mwaka, na gharama hiyo ndiyo iliyowasukuma wanaume wengi kwenda kutafuta kibarua mbali na kwao.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka wa 1915 iliwafanya Waafrika kuwa wapangaji wa serikali katika ardhi ya mababu zao, na ndani ya mipaka ya kituo mamlaka ya mkuu wa wilaya yalikuwa makubwa zaidi. Mji ulitenganishwa na hifadhi, yaani eneo lililoachiwa wenyeji, na Mwafrika aliruhusiwa kukaa mjini kwa sababu ya kazi tu. Waliopewa mahali pa kujenga mapema walikuwa askari, wapagazi na wafanyabiashara Waislamu waliofuata misafara na utawala mpya, ambao kijiji chao ndicho chimbuko la mtaa wa Mjini huko Meru. Mitaa ya namna hiyo ilizuka katika karibu kila kituo cha bara, na mara nyingi ikaitwa Majengo. Nyumba zao zilikuwa za umbo lililotoka pwani, za pembe nne, zenye ukumbi wa kati na vyumba pande mbili, ua nyuma na choo mwishoni mwa ua, na umbo hilo lilikuwa na faida moja ambayo nyumba ya duara haikuwa nayo: mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Ni haki kusema kwamba soko la nyumba za kupanga katika miji hii lilianzia katika kumbi hizo, na kwamba wajane na wanawake waliojitegemea, ambao katika ardhi ya ukoo hawakuwa na hati yoyote, walipata katika mitaa ya Waislamu nafasi ya kumiliki nyumba kwa jina lao wenyewe mapema kuliko mahali pengine popote katika wilaya.

Wamisionari walileta mfano mwingine. Waanglikana walifungua Kigari, juu ya mji wa Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti walijenga Kaaga. Wakatoliki wa Consolata walienea Imenti. Na Wapresbiteri, wakiongozwa na daktari Archibald Irvine, walifika Chogoria mwaka wa 1922. Kila misheni ilihubiri ndoa ya mke mmoja, na ndoa hiyo ilihitaji nyumba ya pembe nne yenye madirisha, sebule na vyumba vya kulala, ambamo mume, mke na watoto waliishi chini ya paa moja. Familia za walimu na wahubiri ndizo zilizoijenga kwanza, kisha zikaigwa na jirani zao. Kahawa ndiyo iliyolipia uigaji huo. Wakati ambapo Waafrika wa sehemu nyingine nyingi za nyanda za juu walikatazwa kupanda kahawa, serikali iliruhusu majaribio katika wilaya za Meru, Embu na Kisii mwanzoni mwa miaka ya 1930, mbali na mashamba makubwa ya Wazungu walioogopa ushindani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia fedha za vyama vya ushirika zikaanza kuonekana juu ya mapaa kwa sura ya mabati.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali mwaka wa 1952 ili kuzima uasi dhidi ya ukoloni, ilivunja mpangilio wote huu kwa nguvu. Katika msako wa Aprili 1954 ulioitwa Operesheni Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi, wengi wakapelekwa kizuizini na wengine wakarudishwa katika wilaya zao. Na kuanzia mwaka huo huo serikali iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa jamii hizo tatu, kwa jumla, katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na kulindwa na askari wa nyumbani. Nyumba zilipangwa kwa mistari, karibu karibu, na mtu aliyezoea kuona moshi wa jirani ng'ambo ya bonde akajikuta analala hatua chache kutoka ukuta wa jirani huyo. Mateso ya vijiji hivyo yameandikwa na wengi. Kwa historia ya makazi kuna jambo jingine la kuongeza: vilikuwa uzoefu wa kwanza wa watu wengi wa maeneo haya kuishi kwa msongamano unaofanana na wa mji, na baadhi ya maeneo hayo, yakiwa tayari na njia, soko na shule, yalibaki kuwa vituo vya biashara baada ya amri ya kukaa vijijini kuondolewa, huku wasio na ardhi ya kurudia wakiendelea kukaa humo.

Wakati watu wakiwa vijijini, ardhi yao ilipangwa upya. Mpango wa R. J. M. Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulitaka vipande vilivyotawanyika vikusanywe kuwa shamba moja la kila familia, shamba hilo lipimwe, na mwenyewe apewe hatimiliki, yaani hati ya serikali inayomtambua kuwa mmiliki pekee. Kazi hiyo ilifika Embu na Meru kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea baada ya uhuru chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka wa 1963. Kuhusu kilimo, wasomi wamebishana sana kama hatimiliki ilileta mavuno zaidi. Kuhusu nyumba, matokeo yake hayabishaniki. Kwanza, familia iliyopata shamba moja ilihamishia makazi yake humo na kujenga kwa nia ya kukaa daima, kwa kuwa sasa hapakuwa na ukoo wa kuwahamisha. Pili, haki za wake, wana, mabinti, wapwa na wapangaji wa kimila zilikusanywa katika jina la mtu mmoja, kwa kawaida mwanamume mzee, na sheria ikamruhusu kuuza. Tatu, ardhi iliyokuwa na historia ya kukombolewa ikawa na historia inayoanza siku ya usajili.

Serikali yenyewe iliona hatari ya jambo la pili, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka wa 1967 ikaweka bodi katika kila eneo la kilimo, ambayo bila idhini yake hakuna mauzo wala mgawanyo wa shamba uliokuwa halali. Kwa desturi ya bodi nyingi, mke na watoto wazima walitakiwa kufika mbele ya wajumbe na kusema kama wamekubali. Kazi ya kutoa hati haikwenda sawa kila mahali. Imenti na nyanda za juu za Embu zilipata hati mapema. Huko Mbeere, upimaji ulipoanza mnamo mwaka wa 1970, koo zilipelekana mahakamani kwa miaka mingi, kila moja ikitaja mababu wengi zaidi. Na baadhi ya sehemu za Tigania na Igembe, kaskazini mwa Meru, zimesubiri hatimiliki kwa miongo kadhaa baada ya jirani zao wa kusini. Tofauti hiyo inaonekana mpaka leo katika ramani ya ujenzi, kwani nyumba za kudumu za kupangisha hufuata mahali ambapo benki na mnunuzi wanaweza kuthibitisha mwenye ardhi.

Uhuru ulizipa Meru na Embu kazi mbili tofauti. Mipaka mipya ya mwaka wa 1963 iliziondoa wilaya hizi katika Mkoa wa Kati na kuzitia katika Mkoa wa Mashariki, uliotoka Machakos na Kitui hadi Marsabit mpakani mwa Ethiopia, na mji wa Embu ukawa makao makuu yake kwa miaka 50. Mji ulio takribani kilomita 120 kutoka Nairobi ukajaa maofisa wa mkoa, mahakama, hospitali kuu na watumishi waliohamishwa kutoka kila pembe ya nchi, ambao hawakuwa na shamba Embu wala nia ya kuzikwa huko, na ambao kwa hiyo walihitaji nyumba za kupanga. Serikali iliwajengea baadhi yao, na Shirika la Taifa la Nyumba, lililoundwa mwaka wa 1967, likapewa jukumu la kusaidia mabaraza ya miji kujenga mitaa ya bei nafuu. Lakini nyumba za umma hazikuwahi kutosha, na waliobaki waliwaendea wenyeji. Meru haikuwa na makao makuu ya mkoa. Utajiri wake ulitoka katika biashara ya mazao, soko la Gakoromone, mashamba ya ngano ya Timau na miraa ya Igembe, na wajenzi wake wakuu walikuwa wafanyabiashara waliohifadhi faida yao katika mawe na saruji. Barabara ya lami ya kutoka Embu kupitia Chuka, iliyojengwa katika miaka ya 1980 juu ya mabonde mengi yanayoteremka kutoka mlimani, iliisogeza Meru karibu na Nairobi na kuifanya safari ya kuzunguka Nanyuki kuwa jambo la hiari.

Mnamo mwaka wa 1976 na 1977, baada ya jalidi kuharibu mibuni ya Brazili, bei ya kahawa ilipanda duniani kwa kiwango ambacho wakulima wa miteremko hii hawakuwa wamekiona, na nyumba nyingi za mawe zilizo mashambani zilianza wakati huo. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, imekuwa ikivuna chini ya nusu ya kiasi hicho kwa miaka mingi ya karne hii. Anguko hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya mitaa ya familia ya Meru na Embu, ingawa mara chache hutajwa katika mazungumzo ya nyumba. Mkulima aliyekuwa na mibuni kandokando ya mji, aliyeona malipo ya chama cha ushirika hayatoshi hata mbolea, na mwenye watoto wa kulipiwa karo, aliitazama ardhi yake kwa jicho jipya, kwa kuwa kipande kidogo kilichouzwa kwa mwalimu kilileta fedha ambazo kahawa ya eka nzima haingeleta kwa miaka kadhaa.

Jinsi shamba linavyogeuka kuwa viwanja ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Eka moja ni futi za mraba 43,560, na kiwanja kinachotajwa na kila dalali katika eneo hili ni cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000, ambacho watu hukiita moja ya nane ya eka ingawa kimepungua kidogo. Mpimaji anapofika na vijana wa kushika tepu, hutoa kwanza njia ya kuingilia, ambayo mwenye shamba hutaka iwe nyembamba kadiri inavyowezekana kwa sababu kila futi ya njia ni futi isiyouzwa, kisha hupata viwanja saba au zaidi kidogo, ambavyo pembe zake huwekewa vigingi vya chuma vilivyotiwa saruji. Mgawanyo huo huchorwa katika fomu inayoitwa mutesheni, huidhinishwa na bodi ya ardhi, hupelekwa kwa msajili, na hati mpya hutolewa kwa kila kiwanja. Hakuna hatua katika mlolongo huo ambayo kwa muda mrefu ilimuuliza mwenye shamba maji yatatoka wapi, maji taka yataelekea wapi, au watoto wa nyumba saba mpya watasomea wapi. Katika miji ya mikoani ya Australia, ambako pia kuna mitaa mingi inayotangazwa kwa ajili ya familia changa, kampuni hununua shamba zima, hutandaza barabara, mabomba na nyaya kwa masharti ya baraza la mji, ndipo huuza viwanja kwa watu wanaokopa benki kwa miaka 25 au 30. Huku, nyumba hutangulia na bomba hufuata, na wakati mwingine halifuati.

Mkopo pia ni nadra. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takribani mikopo 30,000 tu ya nyumba katika nchi nzima mwaka wa 2023, na kwa hiyo karibu kila nyumba ya Kaaga au Majimbo imejengwa kwa akiba, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, kwa chama cha wanawake kinachochanga kwa zamu, au kwa fedha za mtoto aliye Nairobi au ng'ambo. Ujenzi wa namna hiyo huenda kwa vipindi: mwaka huu msingi, mwakani kuta, kisha kusubiri, kisha paa. Familia huhamia kabla sakafu haijapigwa, na vyumba viwili vya nyuma hupangishwa ili vilipie dari ya vyumba vya mbele. Aliyezoea kudhani kwamba nyumba isiyokamilika ni dalili ya kushindwa atakosea sana katika miji hii, kwani nyumba hizo ndizo hazina ya akiba ya tabaka la watumishi wa mishahara midogo.

Takwimu za sensa zinaonyesha kwamba mahitaji ya nyumba yamekua haraka kuliko watu wenyewe. Kati ya mwaka wa 2009 na 2019 wakazi wa Kaunti ya Meru waliongezeka kutoka 1,356,301 hadi 1,545,714, ongezeko la asilimia 14 hivi, lakini kaya, yaani watu wanaokaa na kupika pamoja, ziliongezeka kwa karibu theluthi moja, kutoka takribani 320,000 hadi zaidi ya 426,000. Embu ilikua kutoka watu 516,212 hadi 608,599, asilimia 18, huku kaya zake zikiongezeka kwa takribani asilimia 39. Wastani wa watu katika kaya moja ulifikia 3.6 Meru na 3.3 Embu, chini ya wastani wa kitaifa wa 3.9. Sababu si moja. Mwanamke wa Kenya, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alitarajiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani, mwaka wa 2022 alitarajiwa kuzaa watoto 3.4, na miteremko ya Mlima Kenya ilianza kupunguza uzazi mapema kuliko sehemu nyingi. Vijana hukaa peke yao kabla ya ndoa. Wazee hubaki shambani wakati watoto wamehamia mjini. Nyumba ambayo zamani ilichukua watu saba leo inachukua wanne, na wale watatu wanahitaji paa jingine.

Elimu ya juu iliongeza wapangaji wa aina mpya. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilianza Kaaga mwaka wa 1997. Chuo cha teknolojia cha Nchiru, katika barabara ya Maua, kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka wa 2013. Na chuo cha kilimo cha Embu, kilichoanzishwa mwaka wa 1947, kikapata hadhi ya Chuo Kikuu cha Embu mwaka wa 2016. Wenye mashamba ya Nchiru na Kangaru walijenga hosteli na ploti, neno ambalo Wakenya hulitumia kwa safu ya vyumba vya kupangisha: vyumba kumi au kumi na viwili vinavyotazamana, ua wa saruji wa kuanikia nguo katikati, bomba moja au tangi jeusi la maji, vyoo na bafu mwishoni, na mlinzi anayeitwa keateka anayekusanya kodi, siku hizi kwa M-Pesa, na kuamua nani amechelewa kupita kiasi. Familia changa huanzia katika chumba kimoja cha ploti, huhamia bedsita yenye choo chake ndani, kisha nyumba ya chumba kimoja au viwili vya kulala ikiwa mishahara ni miwili. Ugatuzi wa mwaka wa 2013 uliiondolea Embu makao ya mkoa lakini ukaipa serikali ya kaunti, kama ulivyoipa Meru, na kwa pamoja kaunti hizi zikaajiri maelfu ya watu waliotaka kukaa karibu na ofisi. Ghorofa za kupangisha, zilizokuwa chache, zikaanza kuinuka juu ya migomba.

Si kila mtu alifaidika. Mitaa ya Dallas na Shauri mjini Embu, na ile ya Mjini na Shauri Yako mjini Meru, imekaliwa kwa vizazi na watu wasio na hati kamili ya ardhi wanayoishi, na wengi wao ni wazao wa wale waliokuja mjini mapema kuliko wote. Ni jambo la kusikitisha kwamba waliotangulia kuwa wakazi wa mji ndio wamekuwa wa mwisho kuthibitishiwa makazi yao. Katika mji wa Maua, ambako miraa ndiyo iliyojenga maduka na nyumba, soko la Uingereza lilipofungwa mwaka wa 2014 na lile la Somalia mwaka wa 2020, ujenzi ulionyesha mara moja jinsi unavyotegemea jani moja, mpaka Somalia ilipofungua tena mwaka wa 2022.

Mgao wa urithi nao umebadilika. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haikubagua mtoto wa kike na wa kiume, na Katiba ya mwaka wa 2010 ikaipa kanuni hiyo nguvu zaidi. Hata hivyo, katika familia nyingi binti aliyeolewa huendelea kutazamwa kuwa amepata shamba kwa mumewe. Mabinti wengi wamejibu kwa kununua. Mwalimu wa kike au muuguzi anayelipia kiwanja chake mwenyewe Itabua au Gitoro kwa mkopo wa chama amefanya kupitia soko kile ambacho ukoo ulikataa kumfanyia, na hili ni badiliko kubwa la kijamii ambalo mauzo ya viwanja, pamoja na hasara zake zote, yameliwezesha.

Hasara zenyewe ni za wazi. Udongo mwekundu wa miteremko hii ni miongoni mwa udongo mzuri kuliko wote nchini, na kila kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinachomwagiwa saruji hakirudi tena kuwa shamba. Visima vya maji taka vinachimbwa karibu na visima vya maji ya kunywa. Gari la zimamoto haliwezi kuingia katika njia nyingi zilizoachwa na wapimaji, na mtaa wenye mamia ya watoto unaweza kukosa uwanja hata mmoja wa kuchezea, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya ndugu waliogawana eka zao aliyekuwa na wajibu wa kuutoa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 imezipa serikali za kaunti mamlaka ya kukataa mgawanyo wa shamba usiotenga njia ya kutosha na ardhi ya huduma za umma. Mashamba yaliyobaki kati ya Nkubu na Makutano, na kati ya Manyatta na mji wa Embu, yangali yanaweza kupangwa kabla ya kukatwa. Bodi za ardhi, wapimaji na maofisa wa mipango wa kaunti zote mbili wanapaswa kuitumia sheria hiyo sasa, na familia zinazogawana urithi zinapaswa kukubaliana kwanza mahali pa barabara na shule, ndipo zipime viwanja.